Betri Iliyojibu "Nzuri"

Mgongo wangu ulistaafu kwanza, nami nikaufuata. Betri ya kilo ishirini uliyozoea kuinua huku ukipiga hadithi, siku moja inakataa kutoka sakafuni, na wewe unabaki umeinama ukiitazama kama mtu aliyeangusha sindano. Vijana niliowaacha karakanani Kitale wameniomba niandike niliyoyaona. Wanasema nikieleza kwa mdomo naanzia kwenye betri na kuishia mawinguni. Ni kweli. Nitajaribu kubaki chini.

Ya vyeo sina la kusema. Cheo pekee nilichopewa ni ufunguo wa stoo, na ufunguo ule ulifungua milango mingine mitatu pale mtaani. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu dirisha letu lilitazama barabara, na kila lori lililopita lilinichukua kidogo, mpaka siku moja likanichukua mzima. Nilikuwa utingo, nikapasua mbao, nikapaka makanisa rangi, nikatunza mizinga ya nyuki ya mtu kwa miezi mitano. Kila mahali nilikaa hadi nilipojua kitu kinavyofanya kazi, kisha miguu ikaanza kuniwasha. Betri ndiyo kitu cha kwanza ambacho sikukimaliza.

Nilifika Bungoma mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nikitafuta mahali pa kukausha viatu. Nyuma ya soko kulikuwa na duka la kuchajia betri la Fundi Makokha, mtu mfupi mwenye shati lililotobolewa na asidi kila mahali isipokuwa kwenye kola. Ndani kulikuwa na rafu tatu za betri, na chaja kubwa iliyokuwa ikinguruma polepole, sauti moja isiyopanda wala kushuka. Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Nilisimama mlangoni nikaona kama nimeingia chumba cha watu waliolala, na ile ngurumo ndiyo pumzi yao. Sijui nilisimama kwa muda gani.

"Wewe umeleta betri au umeleta macho?" Makokha aliuliza.

"Macho tu, fundi."

"Basi chukua kitambaa ufute nacho hizo betri."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Betri nyingi zilikuwa za magari, zile za kutiwa maji. Lakini kwenye ubao wa peke yake zilikaa nyingine, nyeusi, zisizo na vifuniko vya kuzungusha. "Hizi zimefungwa na kiwanda," Makokha aliniambia. "Hazitiwi maji. Usizifungue." Akaenda kula.

Nilifungua moja kabla hajafika hotelini. Niliibandua sehemu ya juu kwa bisibisi, nikaona vifuniko sita vidogo vya mpira, na chini yake kitu cheupe chenye unyevu, kama pamba iliyobanwa kati ya mabamba ya risasi. Maji hayakuonekana. Asidi yote ilikuwa imelowa ndani ya ile pamba, imetulia. Bado nilikuwa nimeikodolea macho Makokha aliporudi.

"Umeona nini?"

"Pamba."

"Umemuua mgonjwa ili uone maini." Alikata mkate wake, akanipa nusu. Hakuwahi kulitaja tena jambo lile, ila betri ile aliiweka juu ya mlango, na kila asubuhi kwa miaka miwili nilipita chini yake.

Alichonifundisha Makokha kuhusu kukagua betri hizo kinatosha kwenye ukurasa mmoja. Kwanza itazame: kama mbavu zake zimevimba, imekwisha. Iguse: kama inapata joto ikiwa kwenye chaja, ina shida. Soma tarehe iliyopigwa chapa, kwa maana betri ya miaka mitano ni bibi kizee hata kama ngozi inang'aa. Kisha itoe kwenye chaja uiache ipumzike, nusu siku ikiwezekana, ndipo uweke mita. Mita ikisema kumi na mbili na nukta saba, usifurahi bado.

Hapo ndipo alipotoa balbu yake. Ilikuwa balbu ya taa kubwa ya pikapu, imeungwa waya mbili zenye vibanio. Aliibana kwenye betri, nyuzi zote mbili zikawaka, naye akaanza kuimba pambio la kanisani kwao, beti nne bila haraka, akitikisa kichwa. Ubeti wa nne ulipokwisha alisoma mita tena balbu ikiwa bado inawaka. Betri nzima ilibaki juu ya kumi na mbili. Iliyozeeka ilianza kuporomoka ubeti wa pili, na mwanga ukageuka rangi ya chai.

"Kwa nini usitumie saa?" nilimuuliza.

"Saa itanifanya niharakishe." Akaizima balbu. "Sikiliza. Ukimuuliza mtu wa hapa habari, atajibu nini?"

"Nzuri."

"Hata kama ng'ombe wake wamekufa?"

"Hata kama."

"Ngoja aketi. Ngoja anywe chai. Kikombe kikifika katikati ndipo utasikia ya ng'ombe. Betri nayo ni mtu wa hapa. Hii mita ni salamu tu."

Miguu iliniwasha baada ya miaka miwili, nikahamia Kitale. Nilipanga chumba mtaa wa Tuwan, mbele nikaweka meza, nyuma kitanda. Kazi ilikuwa nyingi: taa za dharura za zahanati, spika za makanisa, inveta za wale waliochoka kukaa gizani kila stima inapopotea. Niliimba beti nne mara nyingi hivi kwamba jirani yangu, mshonaji, alinialika kwenye kwaya. Nilienda Jumapili moja. Hawakunialika tena.

Sasa nifike Ndalu.

Mama Nafula alikuwa mkulima, karibu na soko la Ndalu, na kiongozi wa kikundi cha kina mama kanisani kwao. Kikundi kilikuwa kimepata mashine ya kuangulia vifaranga, sanduku la mbao lenye kioo mbele, balbu mbili za kutoa joto na feni ndogo. Stima ikipotea, inveta ilichukua nguvu kwenye betri moja iliyofungwa na kuendesha vyote. Mayai hayakuwa yake peke yake. Kila mama wa kikundi alileta ya kuku wake, na Mama Nafula aliandika kila yai kwa penseli herufi ya mwenyewe. Ukichungulia kwenye kioo uliona mayai yamelala chini ya mwanga wa manjano, R, J, T, R, M, kama darasa lililosinzia.

Aliniita nikague betri kabla mayai hayajaenda mbali. Ilikuwa siku yao ya tano. Nilifika saa nne asubuhi.

"Karibu, fundi. Habari ya Kitale?"

"Nzuri, mama. Na hapa?"

"Nzuri tu. Keti, maziwa yako motoni."

Nami sikuwa na nafasi ya maziwa. Jana yake mtu alikuwa ameniambia kwamba kule Kapsokwony, mlimani kwenye kijito, kuna mkulima aliyetengeneza gurudumu la kuzungushwa na maji, na linawasha taa nyumbani kwake. Sikulala vizuri kwa kulifikiria. Niliona vikombe vya mbao vikijaa na kumwagika, vikijaa na kumwagika, na waya ukipanda mlimani na mwanga ndani yake. Pikipiki ya kunipeleka ilikuwa inanisubiri sokoni.

Betri niliikuta imesimama kando kabisa ya mashine, imefungwa blanketi la mtoto.

"Nimeifunika isipate baridi," Mama Nafula alisema.

Chumba kilinuka kidogo yai viza. Nilijiambia, nyumba ya mayai inanuka mayai. Niliondoa chaja, nikaweka mita pale pale: kumi na tatu na nukta moja. Balbu ya kupimia ilikuwa mfukoni mwangu. Nakumbuka uzito wake kwenye paja.

"Iko nzuri, mama."

"Kweli?" Alisimama mlangoni na sufuria mkononi. "Si unywe chai kwanza, tuongee."

"Siku nyingine, mama. Mlima unaniita."

Alinitazama kama anayetaka kusema neno, kisha akasema, "Haya, safari njema." Mgeni anayekimbia haelezwi shida. Ni adabu. Nami nilikwenda, na gurudumu nikaliona, na lilikuwa zuri kuliko nilivyoliota. Nilikaa kwenye kijito kile hadi jioni miguu ikiwa ndani ya maji. Hata sasa siwezi kusema kwamba najuta kuliona. Najuta chai.

Wiki mbili zilipita. Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati ya Tuwan, mwalimu mmoja aliniletea spika ya shule isiyolia. Nilifungua skrubu nne, nikavuta kifuniko cha nyuma. Betri ndani ilikuwa imevimba kama mtu aliyebana pumzi, na harufu ikanipiga usoni.

"Mwalimu, umebeba mayai?"

"Mayai? Mimi natoka shule, bana. Nibebe mayai ya nini?"

Nilinusa tena. Yai viza. Ndani ya spika, mahali ambapo kuku hajawahi kufika. Betri iliyofungwa ikichajiwa kupita kiasi kwa muda mrefu, au ikipikwa na joto, hutoa harufu hiyo hasa, na Makokha aliwahi kuniambia, lakini Bungoma tulikuwa hatuna mayai dukani, kwa hivyo nililisikia kama jambo la mbali. Bisibisi ikabaki hewani. Niliona lile blanketi la mtoto. Nilihesabu kwa vidole: siku tano na kumi na nne. Mayai yalikuwa siku ya kumi na tisa, na mawingu kama yale ya siku ile ndiyo yaliyokuwa yakiondoka na stima.

Sikuwa na betri mpya isipokuwa moja, ambayo kanisa moja la Kapsokwony lilikuwa limeniagiza kwa ajili ya spika zao. Nilimpigia mchungaji wao.

"Mchungaji, betri yenu imeitwa Ndalu."

"Imeitwa na nani?"

"Na mayai."

"Ati na nini?" Simu ilikwaruza. "Fundi, si tuna mkutano Jumapili?"

"Yana siku mbili tu, mchungaji. Nikichelewa yanakufa."

Akacheka. "Basi tutahubiri kwa mapafu. Nenda."

Mwenye pikipiki alinitazama nikipakata lile jiwe jeusi. "Mzee, hiyo betri ni ya nani?"

"Ya kuku."

"Kuku wana stima siku hizi!" aliwaambia wenzake. "Na mimi kwangu natumia taa ya koroboi."

Mvua nyembamba ilitushika njiani. Mahindi pande zote yalikuwa yamesimama kimya ndani ya ukungu, safu baada ya safu, na nilikuwa na hisia kwamba hatusongi, kwamba ni mahindi yanayotembea. Mapaja yalikufa ganzi. Niliinamia betri isilowe vichwa vyake vya kufungia waya.

Mama Nafula alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mashine. Alikuwa ameizungushia mablanketi yote ya nyumba na kupanga ndani madebe madogo ya maji moto. Kioo kilikuwa giza.

"Stima imeenda tangu saa mbili," alisema bila salamu. "Inveta ililia mara moja ikanyamaza."

Kipimajoto kilisema thelathini na nne. Kilitakiwa kusema thelathini na saba na nusu. Nilivua koti.

Hapa vijana muandike. Nilizima inveta, nikachomoa chaja. Spana yangu nilikuwa nimeifunga mpira wa tyubu sehemu yote isipokuwa mdomo, kwa sababu spana tupu ikigusa vichwa viwili kwa pamoja inayeyuka na mkono wako nao. Nililegeza upande wa hasi kwanza, kisha chanya. Nilipoondoa blanketi, betri ya zamani ilikuwa imevimba mbavu zote na ina joto. Niliitoa nje. Nyaya nilizikwangua mpaka shaba ikang'aa, nikaweka betri mpya kwenye kona ya mbali, sakafuni penye ubaridi, juu ya kipande cha ubao.

"Huko itapata baridi," Mama Nafula alisema.

"Inapenda baridi, mama. Joto ndilo lililoiua ile. Mayai na betri havilali kitanda kimoja."

Nilifunga chanya, kisha hasi ya mwisho. Ndipo nikatoa balbu. Nilikuwa na kila sababu ya kuharakisha, na ndiyo maana nilianza kuimba. Ubeti wa kwanza niliimba peke yangu. Ubeti wa pili Mama Nafula akaitikia, maana pambio lile walikuwa nalo hata kwao. Tuliimba yote manne. Balbu haikubadilika rangi. Mita: kumi na mbili na nukta nne.

Niliwasha inveta. Feni ilikohoa, ikazunguka, na mwanga wa manjano ukarudi juu ya zile herufi.

Nilipoigeuza chaja nikaona kosa la mwisho. Swichi yake ilikuwa upande wa betri za maji. Kila stima iliporudi ilikuwa ikiisukuma ile betri kupita uwezo wake. Niliirudisha upande wa betri zilizofungwa. Ningeiona siku ile ya kwanza kama ningekaa dakika tano.

"Sasa naomba ile chai," nilisema.

Alinimiminia. Alingoja hadi kikombe changu kifike katikati.

"Fundi, siku ile nilitaka kukuambia kuna harufu. Niliona aibu. Nikafikiri yai limeoza humo ndani, na mayai ni ya watu. Nimeyamulika yote kwa tochi mara tatu. Sikuliona." Alizungusha kikombe chake mezani. "Juzi nikaona moja la Rasoa, wa kikundi chetu, lina giza zaidi. Nikalitoa, nikalivunja nyuma ya nyumba. Halikuwa limeoza. Lilikuwa likipumua. Tangu hapo sijagusa lingine, na Rasoa napishana naye kila siku kisimani ananiuliza, habari ya watoto wetu? Na mimi ninamjibu, nzuri."

Nilimwambia harufu ilikuwa ya betri. Nilimwambia nami niliisikia nikapita. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Kipimajoto kilipanda taratibu. Kilipofika thelathini na saba, aliinuka akaleta karai la maji ya vuguvugu. Wenye kuku wanajua njia hii: yai la siku za mwisho, ukiliweka majini likaelea, lenye uhai hucheza. Alichukua moja lenye herufi R, akahakikisha halina ufa, akaliweka juu ya maji kwa mikono miwili.

Lilielea. Tuliinama pande mbili za karai. Maji yalitulia mpaka yakaonyesha mabati ya dari, na uso wake, na uso wangu, na yai katikati kama mwezi wa mchana. Hakuna kilichotikisika. Nje mvua ilikuwa imekoma na sikusikia hata ndege. Nilifikiri juu ya gurudumu la Kapsokwony linavyozunguka saa ile bila kumhitaji mtu yeyote.

Kisha ule mwezi ukajitikisa kidogo, na duara moja jembamba likatembea hadi ukingoni.

"Tena," Mama Nafula alinong'ona, kana kwamba anamwomba mtoto arudie hesabu. Likacheza tena.

Nilikaa Ndalu siku tatu, nikilala kwa mwenye pikipiki, ambaye kumbe kwake ni hapo hapo, naye akanionyesha koroboi lake kwa fahari. Si mayai yote yaliyopona. Safu ya nyuma, iliyopoa zaidi, ilikaa kimya. Lakini mengi yaligongwa kutoka ndani, na Jumapili sanduku lilikuwa na kelele kuliko mkutano wowote wa kanisa. Mama Nafula alimwita Rasoa, akamkalisha, akamwandalia chai, akamwambia yote. Rasoa alikuwa mwanamke mkubwa mwenye sauti kubwa. Alimeza chai, akanigeukia.

"Basi lile moja ni la fundi," alisema. "Abaki nalo deni mpaka aje anywe chai kwangu pia."

Nilienda. Tangu siku hiyo sikukagua betri ya mtu kabla ya kukaa. Wateja wa mjini walidhani mimi mvivu. Chai yao nyingine ilikuwa mbaya sana. Niliinywa.

Mwaka huu, mgongo uliponifukuza kazi, nilipita Ndalu kuaga. Mama Nafula sasa anatembea na fimbo, na mashine ni nyingine, kubwa zaidi. Betri yake iko kona ya mbali, kwenye ubaridi, bila blanketi. Nilitaka kuiangalia nikakumbuka kwamba si kazi yangu tena. Nikakaa na mikono magotini, sijui pa kuiweka.

"Habari ya kustaafu, fundi?"

"Nzuri, mama," nilisema.

Alinitazama kidogo. Kisha akaweka sufuria ya maziwa motoni, akavuta kigoda chake mbele yangu, akangoja.